Saba Mara Nane

Kwamboka ana miaka saba, na hajibu: anafyatua.
Sijamaliza kuuliza, jibu limeshanipiga usoni.
Nyamweya, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka mitatu,
hutazama kwanza mdomo wangu, kisha taa,
kisha vidole vyake, kana kwamba kimoja kimetoroka.

Mama Mutheu wa mlango wa pili, akipita na ndoo,
husema, "Huyu mdogo alibeba akili za wawili."
Yeye husema akicheka.
Kijana husikia akinyamaza.

Mimi ni fundi wa vigae.
Mchana natandaza sakafu za watu Kileleshwa;
magoti yangu yanaijua Kileleshwa kuliko macho.
Usiku narudi Pipeline, ghorofa ya sita, chumba kimoja,
sakafu ya saruji iliyopasuka kama kisigino.
Mama yao yuko zamu ya usiku. Daftari ni langu.

Nikiri jambo. Mwezi wa pili nilimfokea:
"Saba mara nane! Si jana ulijua?"
Na kweli, jana alijua. Jana ilikuwa hamsini na sita,
leo imepinduka, imekuwa sitini na tano.
Nikainua mkono. Nikauona ukiwa juu.
Nikamkumbuka mwalimu wangu wa darasa la nne
na rula yake, upande ule mwembamba.
Nikaushusha, nikajifanya najikuna kichwa.
Hakudanganyika. Mtoto asiyejua saba mara nane
anajua vizuri sana umbali wa kiganja na shavu.

Kesho yake nilirudi na mfuko wa vijisalaba,
vile vya plastiki tunavyoweka kati ya kigae na kigae
ili nafasi zilingane.
Nyamweya akaokota kimoja: "Alama ya kujumlisha."
Akakigeuza kidogo tu, kwa ukucha:
"Sasa ni ya kuzidisha."
Miaka kumi na minne nashika vitu hivi. Sikuwahi kuona.

Nikawauliza: chumba chetu ni futi kumi kwa kumi,
kigae ni futi moja kila upande. Tununue vingapi?
"Mia!" Kwamboka, hata kikombe hajakitua.
Nikamwomba aifumbate hiyo mia mdomoni kama peremende,
aiache iyeyuke polepole.
Ilimwia vigumu. Kunyamaza hakuna alama shuleni.

Nyamweya akapiga magoti, kama mimi.
Akapanga vijisalaba kutoka ukutani, kumi, tena kumi,
akapotea mlangoni, akarudi,
akapotea tena kwenye jiko, akarudi.
Maharagwe yakashika sufuria.
Mita ya stima ikaanza kulia, tokeni zinakata roho.
Mwishowe akasimama, jasho puani:
"Sabini na sita."

Dada yake akaangua kicheko, mia ikamtoka.
Nami nilikuwa nimeshafungua kinywa niseme hapana.
"Kitanda ni sita kwa nne," akasema.
"Nani atatazama chini yake? Tupunguze gharama, baba."

Ningependa kusema kwamba mtihani wa Ijumaa alifaulu.
Alipata kumi na moja kwa thelathini.
"Bidii zaidi," kwa wino mwekundu, mistari miwili chini yake.
Kwamboka alipata zote, nikamshika mkono,
maana wepesi wake si kosa,
na yeye pia ana njaa yake.
Nikamchorea sakafu ya pembe tatu.
Kwa mara ya kwanza nikamwona anatazama taa.

"Nyamweya. Saba mara nane?"
Anatazama mdomo wangu. Haukunji.
Anatazama sakafu isiyo na kigae hata kimoja,
midomo inamcheza, safu kwa safu.
"Hamsini na... ngoja, baba."

Nangoja.
Sakafu za watu huwa nazipa siku nzima zikauke
kabla sijamruhusu mtu kukanyaga.